Homoni Zangu na Filimbi ya Nyapara

Jumatatu, 3 Februari
Nyapara wetu wa miwa anastaafu! Atakayekata mistari mingi Ijumaa atarithi filimbi yake. Naitaka filimbi hiyo jamani! Mpinzani ni mmoja, Lusweti. Nimemchunguza. Kila akinywa maji, muda si muda yuko kichakani anakojoa. Mimi sinywi, sikojoi, nakata tu. Akili ninayo!

Jumanne, 4 Februari
Nimejaribu. Kutwa nzima sijatoka mstarini. Kiu, wueh! Jioni mkojo kidogo tu, rangi ya strungi, ile chai isiyo na maziwa. Nikamwuliza shemeji Sellah, muuguzi. Akasema damu ikipungukiwa maji, ubongo hutoa homoni ya kuamuru figo zirudishe maji mwilini. Tezi zilizo juu ya figo nazo hutoa homoni ya kushika chumvi, na maji huifuata chumvi. Akaendelea na mambo ya kunywa maji, lakini nilikuwa nimeshaelewa. Mwili unajiwekea akiba wenyewe! Lusweti maskini, hana habari.

Alhamisi, 6 Februari
Nimelamba chumvi vijiko viwili, maji yapate cha kufuata. Mke wangu Alice ameuliza tangu lini ameolewa na ng'ombe. Nikaficha kijiko. Kinywa kilikuwa kimekauka.

Ijumaa, 7 Februari
Saa nne nilikuwa mbele kwa mistari mitatu! Lusweti yuko kichakani, mimi nacheka peke yangu. Saa tano miwa ikaanza kucheza. Nikaanguka.

Kuzinduka, niko mgongoni kwa Lusweti! Ameacha panga lake, ananikimbiza kivulini. Akaninywesha maji yake mwenyewe, kidogo kidogo. Nyapara akasema mtu wa namna hiyo ndiye anayefaa kusimamia watu, akamvika filimbi papo hapo. Kila mtu akapiga makofi. Hata mimi, nikiwa nimelala. Roho iliniuma, lakini nilifurahi kuwa hai!

Sellah amenigombeza. Eti homoni hupunguza tu maji yanayopotea, hazitengenezi mengine. Na damu ikishiba maji homoni hizo hupungua, yaliyozidi unayakojoa.

Jumamosi, 8 Februari
Nimefikiri. Sayansi haina kosa, kosa ni ratiba. Lusweti anatafuta naibu, sisi wakataji tunashindana tena Ijumaa. Safari hii nitakunywa maji ya siku nzima kwa mkupuo mmoja alfajiri, halafu homoni ziyafungie ndani hadi jioni. Nimeanza mazoezi leo. Ndoo mbili ziko mlangoni. Lusweti mwenyewe amenichotea, akinisifu kwamba sasa nasikia ushauri. Unaibu ni wangu!