Sungura Dirishani kwa Bi Hiltje

Jumanne, 4 Machi
Nimemleta sungura. Dume, jina lake Bertus. Mkataba wa pango unasema mnyama marufuku, na Bi Hiltje, mwenye nyumba, anakaa ghorofa ya juu. Akimwona, Bertus nje, na mimi nyuma yake. Nimempitisha mlangoni ndani ya koti. Halafu hiyo pua! Haitulii. Ananusa nini muda wote huo? Nimemtazama mpaka chai ikapoa. Suluhisho la kumficha: nimefunga mapazia. Nani atajua?

Jumatano, 5 Machi
Mtaa mzima umejua. Hapa mjini Deventer hakuna anayefunga mapazia ya sebuleni mchana, labda awe na msiba. Mzee Gerlof, jirani wa mlango wa pili, kapiga hodi na sufuria ya supu ya njegere. Kanipa pole, kauliza nani katutoka. Nikasema shangazi. Shangazi yupi? Aliugua nini? Tunazika lini? Mdaku kama huyu hajazaliwa mwingine. Supu nimeila, tamu. Bertus kala pindo la pazia.

Ijumaa, 7 Machi
Mapazia wazi, akili mpya. Kwetu mapambo ya dirishani huwekwa mawili mawili, kila nyumba. Nimenunua sungura wawili wa kauri. Bertus akikaa kati yao, nani atamtofautisha? Nikatoka nje kuhakikisha. Katulia tuli. Nikajipongeza. Gerlof kaja kusimama kando yangu. Kanipa pole tena, kisha akataka kujua kwa nini watatu. Wawili sawa, lakini watatu ndiyo mambo gani? Na huyo wa kati, mbona anatafuna?

Jumamosi, 8 Machi
Bi Hiltje kashuka. Kaleta keki, ya matanga ya shangazi. Kakaa, kamchukua sungura wa kati, kampakata. Kasema alimwona tangu Jumanne, masikio yametokeza kwenye kola ya koti langu. Kasema mimi ni mwongo wa kutupwa, lakini mnyama hana kosa, abaki. Mmoja tu. Na siku nyingine nikitaka jambo, nimwulize, kwani yeye anauma? Nilikaribia kulia. Nimeapa: uongo basi.

Jumatatu, 10 Machi
Bertus ana upweke, inaonekana. Nimempatia mwenzake sokoni, rangi ileile, madoa yaleyale. Kumwuliza Bi Hiltje? Nimsumbue mama wa watu kwa nini? Watatokea dirishani kwa zamu, ataona mmoja tu. Muuzaji hakujua kama ni dume au jike, nami sikuona haja ya kudadisi. Sasa wako chini ya kochi, wana shughuli. Shughuli gani hasa, nitachungulia kesho.