Kiti cha Mlalamikaji

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu anastaafu mwezi ujao. Ametangaza asubuhi huku anamenya karanga, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nafasi yake, ukuu wa kitengo cha wateja, haitatolewa kwa kuangalia miaka ya kazi. Nilishtuka. Miaka ndiyo mali pekee niliyo nayo katika ofisi hii ya maji! Atakayeteuliwa, anasema, ni yule ambaye mbinu yake ya kazi itapita Jukwaani.

Jukwaa! Mtandao wa wahudumu wa ofisi za maji wa miji mbalimbali. Unaandika jambo jema unalolifanya kazini kwako. Wenzako wanalijaribu kwao, halafu wanakupa nyota na maoni. Nyota tano ndio mwisho. Mimi, mtu wa dirisha la kwanza tangu kioo chake hakijapata ufa, leo nipimwe na watu nisiowajua hata sura!

Mpinzani ni mmoja tu, wa dirisha la pili. Namwita Bi Pole, kwa sababu kila mteja kwake anaambiwa pole, hata aliyekuja kuuliza choo kiko wapi. Wateja wanampenda. Wanaliacha dirisha langu tupu na kwenda kusimama kwenye foleni yake. Wajinga.

Nyumbani, mke wangu akaanza jambo kuhusu bomba la uani. Nikamwambia nina mawazo.

Jumanne, 4 Machi

Nimekaa mbele ya kompyuta mpaka macho yakawasha. Swali la kwanza: ni jambo gani jema unalolifanya kazini? Nikafikiri. Nafunga dirisha mapema. Hilo haliandikiki. Najua kumwambia mteja aje kesho kwa namna ambayo hata hiyo kesho haji. Hicho ni kipaji, ila dunia haijawa tayari.

Jioni ndipo bahati ikaja, tena kupitia kero. Mke wangu alikuwa ananisema. Kwamba akiongea, mimi mguu mmoja ndani, mmoja nje. Kwamba simwachi amalize. Kwamba laiti siku moja ningemketisha kama mgeni, nikamsikiliza mpaka mwisho, nikamrudishia alichosema ili ajue nimesikia, nusu ya ugomvi wa nyumba hii ungekwisha wenyewe.

Nikaikimbilia kompyuta kabla hajamaliza.

Nimeiita Kiti cha Mlalamikaji. Mteja mwenye malalamiko haongei akiwa amesimama dirishani. Anakaribishwa ndani, anapewa kiti. Anasema mpaka aishiwe. Hakatizwi! Kisha mhudumu anamrudishia maneno yake na kumuuliza kama ndivyo. Nikaongeza kwamba nimeitumia miaka mingi, na wateja wangu huondoka wakiniombea dua. Uongo mtupu. Upande wangu hakuna hata kigoda. Nikatuma.

Ijumaa, 7 Machi

Kumbe kuna sharti. Ukitaka mbinu yako ipitiwe, nawe upitie ya mwenzako: uijaribu, utoe nyota, uandike maoni, na jina lako lionekane. Nimepewa ya mama mmoja wa mji wa mbali. Pichani ana miwani mikubwa. Yeye, fundi akishatengeneza bomba, humpigia mteja simu kumuuliza kama kweli maji yamerudi.

Sikuijaribu. Nani ana muda huo? Kazi imekwisha, unaichokonoa ya nini? Nikampa nyota moja, nikaandika kwamba haina jipya. Nilijisikia vizuri siku nzima.

Bi Pole naye amepeleka yake. Inahusu kumwambia mteja ukweli pale fundi anapokuwa hatakuja. Nilicheka mpaka nikakohoa. Ukuu kwa kusema ukweli!

Nyumbani, bomba tena. Nikamwambia mke wangu aje kesho. Lo, mazoea! Hakucheka.

Jumatano, 12 Machi

Nyota tano! Mzee mmoja wa ofisi ya milimani anasema aliweka kiti, na mteja aliyezoea kumtukana kila mwezi akakaa, akasema, akalia, akaomba radhi, akaenda zake. Wa pili, tano. Anasema siku hizi ofisi yao imetulia mpaka saa ya ukutani inasikika. Wa tatu, tano. Anauliza hekima hii niliipata wapi. Nikajibu: uzoefu.

Lakini nimeudhika kidogo. Kitu nimekitunga baina ya kunawa mikono na kula, kinafanyaje kazi? Watu wazima wanadanganyika kirahisi hivi? Dunia imekwisha.

Ubaya zaidi: Bi Pole ameweka kiti! Ameisoma mbinu yangu Jukwaani, akaazima kiti cha mlinzi. Wateja wake wanaingia wamenuna, wanatoka wanashukuru. Nikaenda kwa Mkuu kumshtaki kwamba ananiibia. Mkuu akaniuliza chako kiko wapi. Nikasema kiko kwa seremala. Akamenya karanga, akasema njia ya mwongo ni fupi. Sijui alikuwa anamsema nani.

Mke wangu anasema uani pamekuwa tope. Yaliyofuata sikuyashika, nilikuwa nasoma maoni.

Jumatatu, 17 Machi

Balaa! Jukwaa linatuma wageni kuja kuiona mbinu ikifanya kazi ilikozaliwa. Keshokutwa! Mkuu amefurahi kama baba wa bibi harusi. Kanieleza bila kuzunguka: wakiridhika, ukuu ni wangu, wasiporidhika, unakwenda dirisha la pili.

Na kiongozi wa wageni ni nani? Mama wa miwani mikubwa. Ala!

Kiti sina. Nikaenda stoo kuomba. Mtunza stoo akaniambia nije kesho. Watu wengine hawana haya.

Jumanne, 18 Machi

Nimechukua kiti cha jikoni kwangu. Ndicho pekee ambacho mgongo wake haujalegea. Mke wangu alikuwa amekikalia, anachambua maharage. Nikamwomba ainuke. Akaniuliza kama najua hicho ni kiti gani. Nikamjibu ni cha jikoni. Akasema alikinunua kwa ushonaji wake, kabla hata hajanijua, na kwamba maadamu leo nimesimama mbele yake, ana neno moja tu kuhusu bomba. Wakati huo nilikuwa nimeshafika barabarani, kiti kichwani.

Nimepanga na mteja pia. Mteja wa kweli hafai kwa wageni, anaweza kusema chochote. Nimeongea na kinyozi wa mtaani kwetu. Aje asubuhi, akae, alalamikie ankara kubwa, atulie, anishukuru, kwa machozi kama yatapatikana. Nimemwahidi nikiwa mkuu hatakatiwa maji hata siku moja. Tumefanya mazoezi kibandani kwake mpaka nimeyakariri maneno yake yote.

Mtu asiseme sijui kujiandaa.

Jumatano, 19 Machi

Naandika kwa hasira.

Wageni walifika mapema. Mama wa miwani akanipa mkono, akasema jina langu analikumbuka vizuri sana, kwamba mimi ndiye yule wa haina jipya. Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Kinyozi hakutokea. Kapata wateja wa kunyoa! Msaliti. Tukasubiri, kiti katikati ya ofisi, watu wanakitazama. Mlango ukafunguliwa. Nikaona viatu kwanza, vimejaa tope. Kisha sketi ninayoijua. Kisha uso.

Mke wangu!

Nikampa ishara kwa nyusi kwamba atoke. Hakutoka. Alikwenda kusimama kwenye foleni kama mtu yeyote, ya dirisha la pili, bila shaka. Lakini mama wa miwani akamfuata, akamuuliza kwa upole kama ana malalamiko. Akasema anayo, na ni ya muda mrefu. Basi, akasema mama wa miwani, mwenye mbinu huyu hapa, na kiti ni hiki.

Mke wangu akakitazama kiti. Akakipapasa mgongo. Akasema hiki anakifahamu. Akakaa.

Na sheria nimeiandika kwa mkono wangu: hakatizwi!

Akasema. Nikafumbua mdomo, mama wa miwani akainua kidole: hajaishiwa. Na kweli hakuwa ameishiwa. Mimi kichwani mnachemka. Nitawaambiaje hawa? Niseme ni dada yake pacha? Kinyozi nitamfanya nini? Midomo yake naiona inakwenda, hakupandisha sauti hata mara moja. Afadhali angepiga kelele, kelele nimezizoea.

Kisha akamaliza. Wote wakanigeukia. Zamu yangu, kumrudishia maneno yake! Nikakohoa. Nikanyoosha shati. Nikasema kwamba mteja analalamikia ankara kubwa.

Ankara! Maneno ya kinyozi! Ndiyo pekee yaliyokuwemo kichwani.

Mke wangu alinitazama tu. Namna alivyonitazama siipendi, na sitaki kuiandika.

Ndipo Bi Pole akatoka kwenye dirisha lake, akachuchumaa mbele ya kiti, akayarudia yote. Kwa hiyo nayaandika kama alivyoyasema yeye. Kwamba bomba la uani, lile la kabla ya mita, ambalo ni jukumu la ofisi, linavuja tangu mwezi uliopita. Kwamba mama huyu amemwambia mfanyakazi wa ofisi hii kila siku, akiwa anavaa viatu asubuhi, akiwa anavua jioni. Kwamba mfanyakazi huyo ana mawazo. Kwamba ameambiwa aje kesho, katika nyumba anayoishi. Kwamba jana aliinuliwa kitini na sinia la maharage mikononi. Kwamba maji si kitu, maji yatazibwa. Kinachomuuma ni kwamba amekuwa mtu wa kusema peke yake, na ameanza kuzoea. Bi Pole akamuuliza kama ndivyo.

Ndivyo, akasema mke wangu, akalia. Bi Pole akamwambia pole. Nilijua tu atasema.

Mgeni mmoja akauliza kama mfanyakazi huyo anajulikana. Mkuu akaacha kumenya karanga.

Ijumaa, 21 Machi

Fundi amekuja nyumbani, katumwa na Bi Pole. Bomba limezibwa. Kazi ndogo kabisa. Sasa kelele zote zile zilikuwa za nini?

Ukuu wamempa yeye. Mbinu yangu imebaki na nyota zake zote Jukwaani, ila chini yake wameongeza kwamba mwandishi mwenyewe hajaijaribu. Mkuu kaniita, kasema mganga hajigangi, lakini hata dawa asiijue? Asante ya punda ni mateke. Nani aliyewapa mbinu? Na kikulacho ki nguoni mwako. Mke wa mtu anatoka nyumbani kwake kwenda kumwangusha mumewe mbele ya wageni, kisa tope!

Kiti kimebaki ofisini. Mke wangu amewaambia wakae nacho, kwamba huko kina kazi. Mimi hajanisemesha tangu juzi. Wala bomba, wala watoto, wala chumvi imekwisha. Nakula kwa raha, sikatizwi.

Jumapili, 23 Machi

Simu ya mke wangu imelia. Bi Pole! Anauliza kama kweli maji yamerudi. Jumapili! Mbinu ya yule mama wa miwani hiyo, isiyo na jipya. Wameongea kitambo kirefu. Nimemsikia mke wangu akicheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kilivyo. Sikuuliza wanacheka nini, watakuwa wananicheka mimi.

Mimi nina kazi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Jukwaa limefungua mlango mwingine: mbinu za mfanyakazi kuishi vizuri na familia yake. Hii ni yangu! Nimepindua ndoo, nimekaa juu yake, kompyuta mapajani. Maneno yanakuja yenyewe.

Katikati ya kuandika, mke wangu akatokea na begi. Watoto nyuma yake, wamevaa viatu. Akasimama mbele yangu. Akasema ana jambo la mwisho la kuniambia, na hatalirudia. Jambo la dada yake, la watoto, sijui na la nini. Nikainua kidole. Nikamwambia kidogo tu, nimefika pazuri.

Nilipoinua kichwa, mlango ulikuwa umefungwa. Nyumba imetulia. Haijawahi kutulia hivi, saa ya ukutani inasikika.

Nimeongeza mstari wa mwisho na kutuma: mbinu hii nimeijaribu nyumbani kwangu mwenyewe, na matokeo yake ni utulivu.