Ule Mchezo Mbaya wa Fundi Lifti

Jumamosi, 3 Mei

Binti yangu wa pekee kamleta mtu. Nilitegemea mtu wa kuangalika. Yalitangulia kuingia masikio, kijana akafuata. Shati limefuliwa mpaka rangi imekata tamaa. Mimi ni mchora mabango, rangi ndiyo kazi yangu, jambo kama hilo siwezi kulinyamazia. Nilinyamaza, kwa sababu mke wangu alikuwa ameshanifinya.

Ni fundi wa lifti. Haongei. Kasema shikamoo mzee, kakaa, katazama dari kana kwamba kuna nyaya zake humo. Halafu akatoa flashi mfukoni. Kaambiwa napenda michezo ya kompyuta, hasa ya falme na vita, basi kaniletea mmoja.

Nikauwasha palepale. Loo! Skrini nyeusi, vinukta na herufi. K ni kisima. G ni ghala. Mto ni vistari vya bluu. Mimi nina mchezo ambao farasi wa mfalme akikimbia unaliona jasho lake! Nikamuuliza kama huu umeharibikia njiani. Akasema hapana, ndivyo ulivyo, umetengenezwa na mtu mmoja peke yake chumbani kwake, kwa miaka. Nikasema inaonekana. Nikafinywa tena.

Alipoondoka, binti akaja kukaa karibu yangu. Fundi Lifti kahamishiwa mji mwingine, anaondoka mwishoni mwa Julai. Wanataka kufunga ndoa kabla ya hapo. Lakini bila neno langu yeye haendi popote. Anataka jibu Jumapili ya wiki ijayo. Aliyasema haya taratibu, kanishika mkono. Heri angefoka.

Jumapili, 4 Mei

Mpango: naucheza huu mchezo, nauthibitisha kuwa takataka, napata sababu ya kusema hapana. Nani atamwoza binti yake kwa mtu anayegawa takataka?

Nilianza kwa jumba la kifalme, bila shaka. Geti, minara, bustani. Vyote herufi, lakini nilivipanga vizuri. Ukame ukaja. Sikuwa na kisima. Skrini ikaandika neno moja: Wamehama.

Neno lenyewe jeupe, dogo, halina hata kivuli. Mbona limenichoma hivi? Nikaanza upya. Safari hii nikachimba visima, nikasahau ghala. Wamehama. Nikajenga ghala, mfalme jirani nikamtukana kwenye barua, akafunga njia ya chumvi. Wamehama.

Mke wangu kaniita mpaka chakula kikapoa. Kasema tangu tuoane hajaniona nikiwaza hivyo. Nikamwambia nautafutia kasoro.

Jumanne, 6 Mei

Kompyuta nimeihamishia karakana. Leo nilikuwa na bango la daktari wa meno. Kichwa kilikuwa kwenye mavuno. Nimeandika GHALA LA MENO, kwa rangi nyekundu, na kivuli juu. Daktari hakucheka.

Muuza Viatu wa fremu ya jirani akaja kuchungulia skrini. Akauliza kompyuta yangu inaumwa nini. Nikamweleza kidogo. Akavuta kiti. Akasema chimba pale. Nikasema hujui kitu. Akasema nipishe. Baadaye sana tukasikia mtu akikohoa mlangoni: mteja wake, kavaa kiatu kipya mguu mmoja, bado anasubiri cha pili.

Nakiri hapa, na hapa tu: mchezo una akili. Kila unachofanya kinakumbukwa. Ukimnyima jirani maji leo, wajukuu wake wanakukatalia daraja. Yule farasi wangu wa jasho hakumbuki chochote. Lakini Fundi Lifti asije akayajua haya.

Alhamisi, 8 Mei

Nimepata mpango wa kweli. Mchezo huu hukubali watu wawili kwenye kompyuta moja. Mmoja akicheza, mwenzake anageukia ukutani asione. Nimemwalika Fundi Lifti Jumamosi. Nikimpiga, nasema mtu asiyeweza kulinda kijiji cha herufi hawezi kulinda nyumba. Hapana yangu itakuwa na heshima zake.

Mke wangu kauliza, na akinipiga yeye? Nikacheka. Ukutani, pale nitakapogeukia mimi, nimetundika kioo cha kujitazamia!

Atakayesema maandishi kwenye kioo yanasomeka kinyume hajui kazi yangu. Milango ya vioo ya maduka tunaiandikia ndani ili isomeke nje. Nimeandika kinyume ujana wangu wote. Nasoma kinyume vizuri kuliko wengine wanavyosoma sawa.

Binti kapita, kakiona kioo, kasema sebule imependeza. Kakaa kujitengeneza nywele mbele yake, akiimba kidogo. Nikasimama mlangoni kumsikiliza. Sitaki aondoke. Hilo ndilo jambo lenyewe, masikio ya watu hayana kosa. Nimeliandika, basi.

Jumamosi, 10 Mei

Kaja na shati lilelile. Mke wangu na binti wakatuacha sebuleni, wao jikoni, masikio kwetu.

Mto una matawi mawili. Tawi moja hulisha watu wangu, jingine wake. Lipi ni la nani mchezo haukuambii. Lazima utume wapelelezi, na wapelelezi hula nafaka. Sikutuma hata mmoja. Nina kioo, wapelelezi wa nini?

Zamu yake. Nikageuka. Kwenye kioo nikasoma kila herufi, safi kabisa. Wapelelezi wake wamerudi na jibu: watu wake wanakunywa tawi la kushoto! Zamu yangu ikaja, nikajenga boma la mawe, nikaliziba tawi la kushoto. Nikajikaza nisipige mluzi.

Raundi iliyofuata, watu wangu wana kiu. Ajabu. Nikaona labda boma linavuja, nikaliongezea mawe. Kiu ikazidi. Nikaongeza mawe tena. Visima vyangu vikawa vyekundu, kimoja baada ya kingine. Nikajua lile neno linakuja. Jasho likanitoka kama yule farasi.

Zamu yake. Nikageuka kwenye kioo. Nikamwona anachimba mfereji. Anautoa kwenye tawi lake, anauleta kwangu. Mashamba yake yanakauka, yeye anachimba tu.

Kabla hajanipa kiti akasema, kwa sauti ambayo jikoni wasingeisikia:

“Mzee, kioo kinageuza na ramani pia.”

Nimesoma herufi za kinyume maisha yangu yote. Ramani nilisahau! Kushoto kwa kioo ni kulia kwa skrini. Nilikuwa nimeziba maji ya watu wangu mwenyewe, nikaongeza mawe juu yake.

Nikamuuliza amejua lini. Akasema tangu zamu ya kwanza, maana aligeuka akayaona macho yangu kwenye kioo. Nikamuuliza mbona hakusema. Akatazama dari. Akasema alidhani pengine ndivyo mchezo unavyochezwa nyumba hii, na yeye ndiye mgeni.

Binti akaingia kuuliza nani anashinda. Fundi Lifti akajibu kwamba mzee ana mbinu ambazo hajawahi kuziona popote.

Hakucheka. Hata masikio hayakucheka.

Jumapili, 11 Mei

Nimetoa neno. Nilikusudia kuhutubia. Nilikuwa nimepanga habari za subira na maelewano, na mfano kutoka kwenye kuchanganya rangi. Binti akasimama mbele yangu na nguo ya nyumbani, nikasema tu, mwanangu, huyu ataangalia visima vyako. Hakuelewa. Akalia hata hivyo. Mimi sikulia, nilikuwa nimeshika kitambaa chenye tapentaini ya kuoshea brashi, huwasha macho.

Mke wangu kasema nimebadilika. Nimemwambia sijabadilika, yule kijana nilimpenda tangu alipoingia mlangoni. Hakunifinya. Kanikumbatia kwa muda mrefu, tukaacha chai ipoe.

Jumatano, 13 Agosti

Harusi imepita. Wameondoka. Nyumba ina vyumba vingi mno.

Lakini mchezo unaendelea. Ukimaliza zamu unapata faili, unamtumia mwenzako, naye anacheza anakurudishia. Fundi Lifti kazi zake humrudisha jioni akiwa hoi, kwa hiyo faili hutumwa na binti. Kila faili lina maneno yake mawili matatu. Baba umekula. Baba leo kumenyesha. Baba, huyu mume wangu kakwama ndani ya lifti aliyoitengeneza mwenyewe.

Nimeketi nikapiga hesabu ya vita. Nikishinda, mchezo unaisha. Nikishindwa, unaisha. Kwa hiyo sishindi wala sishindwi. Jana Fundi Lifti angeweza kunimaliza, akahamishia jeshi lake kuvuna mtama. Sijui hiyo ni mbinu gani. Nadhani bado hajaujua mchezo vizuri, maskini.

Jumatano, 20 Agosti

Maneno mawili matatu hayatoshi. Mpango mpya, wa hatari: faili limegoma kufunguka. Kompyuta inakataa kabisa, na fundi anayeijua ni binti peke yake. Itabidi aje.

Nikapiga simu. Nikaeleza tatizo kwa uchungu mkubwa. Fundi Lifti akadakia nyuma kwamba ni rahisi tu, ataniongoza kwa simu hatua kwa hatua. Nikapuliza kwenye simu nikasema mtandao unakatika. Binti akaniuliza, kama faili limegoma kufunguka, hii zamu niliyomrudishia saa hizi nimeichezea wapi.

Nilikuwa nimeshaituma! Niliona pengo kwenye ukuta wao wa mashariki, nikashindwa kujizuia.

Nikasema hilo nalo ni sehemu ya tatizo, faili linajicheza. Nikamsikia akicheka, kile kicheko cha tangu mdogo, cha kuvuta pumzi kwanza. Akasema Jumamosi wanakuja wote wawili kuliangalia.

Mke wangu alikuwa mlangoni muda wote. Kauliza kwa nini sikuwaambia tu kwamba nimewakumbuka waje. Nimemweleza kwamba mambo hayaendi hivyo, lazima mtu atumie akili, na kama anavyoona mwenyewe, mpango umefaulu bila kasoro.

Wiki inayofuata nitasema kompyuta imeungua.