Nilivyomsaidia Mume Wangu Kupima Tovuti

Jumapili, 2 Machi

Mume wangu amelala. Mume wangu. Naandika tena kwa sababu hakuna wa kunizuia: mume wangu. Tumeoana mwezi uliopita na bado nikimsikia anafungua mlango najiweka sawa nywele, hata kama alikuwa ametoka kutupa taka tu.

Ila leo kaniletea habari iliyonipozea chai mkononi. Anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya michezo: mipira, raketi, jezi, viatu, mashine za mazoezi. Bosi wake, mama mmoja mkavu ambaye hakuna aliyewahi kuyaona meno yake, anataka kuitengeneza upya tovuti ya duka. Kwa hiyo mume wangu na Keshia, dada anayefanya naye kazi, wamepewa kazi moja: kila mtu apite kwenye tovuti za maduka mengine ya michezo, azipe alama, aseme zina nini cha kuiga. Atakayeifanya vizuri atabaki hapa kuisimamia tovuti mpya. Mwenzake atapelekwa kufungua tawi kwenye mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Huko kuna chumba nyuma ya stoo na kitanda cha mtu mmoja, na mke haruhusiwi kufuata mpaka tawi lisimame. Pengine mwaka.

Mwaka! Sijamaliza hata kuzoea anavyokoroma.

Alisema nisiwe na wasiwasi, atafanya kazi yake vizuri na Mungu atasaidia. Hana hila mume wangu, na ndiyo maana nilimpenda. Hila nitazileta mimi.

Jumatatu, 3 Machi

Kanionyesha kazi yake. Jedwali safi kabisa. Juu majina ya maduka, pembeni mambo ya kupima: kisanduku cha kutafutia, picha, saizi, kikapu, maelezo ya kurudisha bidhaa, dirisha la kuongea na mhudumu. Kila kimoja alama kati ya moja na tano. Nzuri, lakini kavu kama risiti. Mimi nimemaliza kidato cha nne, na insha zangu zilisomwa mbele ya darasa. Kitu kisicho na hisia hakishindi.

Alipoondoka nikazama kwenye simu kuzipima mwenyewe. Duka la kwanza, lenye nembo ya buluu, picha zake zinakua ukizigusa, unaona kiatu mpaka mshono. Nikamwita wifi, dada wa mume wangu, ambaye anakaa nasi na cherehani yake iko sebuleni. Akatazama, akasema mshono wenyewe umekwenda upande. Nne.

Duka la pili ukiweka mpira kikapuni, kikapu kinatikisika kidogo kama moyo uliosikia jina la mtu fulani. Niliweka mipira mpaka wifi akauliza kama tunaanzisha ligi. Tano.

Duka la tatu lina jedwali la saizi, linataka urefu wa mguu. Nikapima kiatu cha mume wangu kwa nje, kuanzia ncha mpaka kisigino. Ikatoka saizi ya mtu wa kuogopwa. Nimeilaumu tovuti. Moja.

La nne ndilo lililoniweza. Nilipotaka kutoka likaniuliza, "Unatuacha mapema hivi?" Nilishindwa. Nikarudi, nikatazama raketi nisizozihitaji, nikajaribu tena kutoka, likaniuliza tena. Maharage yakaungua. Tano, na kama ingekuwepo sita ningetoa sita.

Hapo ndipo nilipogundua jedwali la mume wangu limepungukiwa na nini. Jioni alipoingia kuoga, nikafungua kompyuta yake nikaongeza mstari wa mwisho: Je, tovuti hii inakufanya ujisikie unapendwa? Na alama nikazijaza.

Wifi aliniona. Akaniambia hiyo ni kazi ya watu, niiache kama nilivyoikuta. Nikamjibu kwa upole kwamba hajaolewa, hawezi kuelewa. Akasema kama ndoa inaleta ugonjwa huu, yeye atazeeka na cherehani yake.

Jumanne, 4 Machi

Hila ya pili, na hii nimeifikiria vizuri. Tovuti ya duka lao nayo ina dirisha la kuongea na mhudumu, na wiki hii zamu ni ya Keshia. Bosi huyasoma mazungumzo akipata nafasi. Keshia akionekana hana subira na wateja, nani atamwachia tovuti?

Nikajipa jina: Mwanariadha Chipukizi. Nikaanza.

Niliuliza kama mpira unauzwa na upepo wake au upepo unalipiwa mbali. Akajibu kwamba unakuja na upepo, na pampu wanayo. Nikauliza kama nguo ya kuogelea inarudishwa ikiwa imelowa. Nikauliza filimbi isiyopiga kelele. Nikauliza mashine ya kukimbilia itanifikisha wapi. Nilitarajia matusi. Badala yake akaandika, "Haitakufikisha mbali, dada, lakini utashuka ukiwa mtu mwingine." Nikashangaa. Sikujua Keshia ana maneno.

Nikamkaba zaidi. Nikamwambia naogopa kukimbia peke yangu, nitajisikia mpweke. Akajibu, "Anza polepole, dada. Chukua muda wako. Hakuna swali la kijinga hapa, na ukichoka sisi tupo."

Kwa kweli nilimwonea Keshia huruma kidogo. Nikaendelea hivyo hivyo.

Jioni mume wangu karudi akicheka tangu mlangoni. Anasema Keshia alikwenda kung'olewa jino, yeye akakalia kiti chake mchana kutwa, na kapata mteja mmoja ambaye mfano wake hajapata kuuona tangu azaliwe. Alitusimulia yote. Wifi aliposikia habari za filimbi isiyopiga kelele aliinua macho kutoka kwenye cherehani, akanitazama. Nikaenda kutazama maji jikoni. Hakukuwa na maji yoyote.

Sasa nimekaa nafikiri. "Chukua muda wako." "Ukichoka sisi tupo." Mimi mke wake hajawahi kuniambia nichukue muda wangu. Jumamosi alinigongea mlango wa bafu mara mbili.

Jumatano, 5 Machi

Sikuweza kula. Yule mwanamke ana nini ambacho mimi sina?

Asubuhi nilimuuliza mume wangu, kama mtu anayeuliza tu, yule mteja wa jana alikuwaje. Akasema kichekesho, lakini inaonyesha ana moyo mzuri. Moyo mzuri! Anaujuaje moyo wake? Nikamuuliza kama leo pia atakaa kwenye dirisha lile. Akasema ndiyo, shavu la Keshia bado limevimba.

Nikaamua kumpima. Mwanariadha Chipukizi akarudi saa nne, na safari hii alikuja amejipamba. Alimsifu mhudumu kwa sauti yake nzuri. Akakumbushwa kwamba hayo ni maandishi. Akasema hata hivyo. Akaeleza kwamba amekosa mtu wa kukimbia naye jioni. Akauliza kama mhudumu ameoa.

Nilibonyeza, nikaiweka simu kifudifudi, nikaanza kupiga pasi ili mikono ipate kazi.

Jibu likaja. "Nimeoa, dada, tena juzi juzi tu. Nikitoka hapa nakimbilia kwake, na hayo ndiyo mazoezi yangu. Kuhusu viatu, saizi yako ni ngapi?"

Nililia. Nililia mpaka shati lake la kazini likaungua begani. Wifi akaja mbio akidhani kuna msiba. Nikamwonyesha. Akasoma mpaka mwisho, akasema kaka yake ni mtu mwema na hakustahili haya. Nimeichukua kama sifa kwetu sote.

Kesho ndiyo wanawasilisha. Nina amani. Mwanaume wa namna hii mtu hanyang'anywi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimenyang'anywa.

Naandika alivyonisimulia. Keshia alianza. Ukurasa mmoja, tovuti zote kazipa tatu tatu, akakaa. Mume wangu akafuata na jedwali lake. Wenzake waliitikia kwa vichwa, na Bosi mwenyewe akasema hii ndiyo kazi. Mpaka hapo alikuwa amebaki. Mpaka hapo alikuwa wangu.

Kisha Bosi akafika mstari wa mwisho. Akausoma kwa sauti. Je, tovuti hii inakufanya ujisikie unapendwa? Akavua miwani. Akauliza hiki ni nini.

Mume wangu hakuwahi kuuona mstari ule, lakini si mtu wa kukana kazi iliyoandikwa jina lake. Akasema, huku akitafuta maneno, kwamba ni namna mteja anavyopokelewa. Bosi akasema ni swali zuri kuliko yote, basi na tuanze kujipima wenyewe. Akafungua mazungumzo ya dukani kwao. Ya wiki hii.

Aliyasoma yote mbele ya watu. Upepo wa mpira, filimbi, upweke, viatu, ndoa. Mume wangu anasema katikati ya filimbi Bosi alicheka, na watu walishtuka kuliko kama wangesikia kioo kinavunjika.

Halafu akatoa hukumu. Tovuti mtu yeyote anaweza kuiangalia, hata Keshia. Tawi jipya ndilo linalotaka mtu mwenye subira ya namna hii. Na mwanaume anayemjibu hivi mwanamke anayejipendekeza, akasema, unaweza kumpeleka hata mwisho wa dunia usipoteze usingizi.

Usingizi wake yeye. Wangu hakuuliza.

Mume wangu anajiuliza ule mstari uliingiaje kwenye jedwali. Nimesema kompyuta za siku hizi zina mambo. Wifi kaukata uzi kwa meno.

Ijumaa, 7 Machi

Tumaini! Keshia kaja nyumbani jioni, shavu moja kubwa kuliko jingine. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, lakini kumbe naye ana lake. Mchumba wake yuko kwenye mji ule wa mbali. Zile tatu tatu alizigawa makusudi, ili ashindwe vizuri. "Shemeji," akaniambia, "mimi nilikuwa nimeshafunga na begi."

Kwa hiyo kama nisingegusa kitu, Keshia angeshindwa, mume wangu angebaki, na kila mtu angelala kwake. Nimelifikiria jambo hilo kwa muda, nikaona halinisaidii, nikaliacha.

Wameshazungumza na Bosi. Hakukataa. Kasema waende kesho asubuhi wote wawili, atawapa jibu. Mume wangu kanishika mkono, kaniambia mke wangu, safari hii mimi na wewe hatufanyi kitu, tunatulia tu. Sijui kwa nini wifi alikohoa.

Nimetulia. Nimetulia tangu saa moja mpaka saa mbili kasoro. Lakini Bosi ni mtu wa kuyumba, leo hivi kesho vile. Anahitaji kusukumwa kidogo tu, na mtu asiyehusika. Kwenye tovuti yao kuna ukurasa wa kumwandikia mwenye duka moja kwa moja. Nimeupa alama nne, unafanya kazi vizuri sana.

Mwanariadha Chipukizi kaandika kwamba anaishi kwenye mji ule wenye tawi jipya. Kasikia yule mhudumu mwenye maneno matamu anakuja. Yeye na rafiki zake wanamsubiri kwa hamu, na watakuwa dukani kila siku asubuhi na jioni. Bosi akisoma hayo atapata hofu. Atasema huyu kijana abaki karibu na mke wake.

Nimetuma. Sasa natulia kweli.

Jumamosi, 8 Machi

Bosi alikuwa ameshakubali. Keshia alikuwa ameshashukuru. Mume wangu alikuwa ameshasimama kuondoka. Ndipo Bosi akafungua ujumbe wa wateja.

Alisema hajawahi kuona tawi ambalo halijafunguliwa na wateja wameshapanga foleni. Akamuuliza Keshia ni nani aliyewahi kumwandikia yeye. Keshia akakiri kwamba hakuna. Basi, akasema Bosi. Safari Jumatatu.

Mume wangu hakukasirika. Alikaa kitandani na viatu vyake, akasema yule mteja, popote alipo, hamtakii mabaya, ila angependa siku moja amwone uso. Nikamkumbatia kwa nguvu ili asiuone.

Tumefunga begi pamoja. Nimeliweka lile shati lililoungua begani, kwa ajili ya kumbukumbu. Wifi alikanyaga cherehani jioni nzima, na nilipotazama haikuwa na uzi. Mwishowe akaniita jikoni, akaniapisha. Hakuna Mwanariadha Chipukizi tena. Nimeapa kwa moyo mmoja. Nilimpenda kaka yake zaidi nilipokuwa naapa.

Jumatano, 12 Machi

Kitanda kikubwa mno. Kapiga simu. Kafika salama, chumba kinanuka mipira mipya, na duka ni kimya kabisa. Mwanariadha na rafiki zake hawajatokea. Kwenye tovuti tawi limepewa dirisha lake la kuongea na mhudumu, naye anakaa hapo kutwa bila mtu wa kumwandikia. Sauti yake ilikuwa ndogo. Bosi kamwambia mambo yakichangamka, kazi ikimzidi, atamtafutia msaidizi.

Msaidizi.

Nimekaa sana na neno hilo. Msaidizi akae naye kutwa nzima, tena awe mtu anayezijua tovuti za michezo ndani nje, aliyepima vikapu, picha na saizi kwa mkono wake mwenyewe. Sioni mtu mwingine. Kinachotakiwa ni kazi imzidi tu.

Kiapo nakiheshimu. Mwanariadha Chipukizi simgusi. Leo nimeanza na mzee mmoja mstaafu anayetafuta viatu vya kutembelea asubuhi na hasikii vizuri. Kesho kuna mwalimu wa mazoezi mwenye haraka, na mama wa mapacha wawili ambao saizi zao hazifanani.

Mume wangu kampokea mzee kwa heshima mno. Kamwamkia, kamuulizia magoti, kamwambia asiwe na haraka, yupo naye mpaka kiatu kipatikane. Mimi aliponipigia simu hakuniulizia magoti. Sijui huyu mzee ana nini.