Inveta Isiyotaka Kutikiswa

Fundi Sukari hakuwa fundi, ila sukari alikuwa nayo ya kutosha, yote mdomoni. Siku hiyo alikuwa akipita uchochoroni na pikapu yake, mali pekee aliyowahi kuipata kwa njia halali na ndiyo maana akaipenda kuliko ndugu zake, alipoona paa la gari-nyumba likichungulia juu ya ukuta mfupi. Akakanyaga breki. Gari lenye kitanda, jiko na friji ndani yake lilistahili kupewa heshima.

Kwenye ngazi ya gari alikaa mama mmoja mnene, mjane, akijipepea na kipande cha boksi.

"Shikamoo mama. Unajipepea, na kiyoyozi kiko juu ya kichwa chako?"

"Marahaba mwanangu. Hicho ni pambo tu. Hakijanipuliza tangu marehemu aondoke."

Sukari akaingia ndani, akagonga hapa, akanusa pale, akatikisa kichwa kama daktari aliyechelewa kuitwa. "Mama, betri zako zina umeme mdogo, wa taa tu. Kiyoyozi na friji vinataka umeme kama wa ukutani. Hapo kati anahitajika mkalimani, na mkalimani huyo anaitwa inveta."

Hayo yalikuwa kweli tupu. Sukari alipenda kuanza na ukweli. Ulimsaidia kupasha moto koo.

Kesho yake akaja na inveta. Ilikuwa kasha la redio kuukuu lililojazwa mchanga ili liwe zito, likapachikwa taa ya kijani usoni na feni ndogo ya kompyuta ya kuunguruma. Akamtuma mama dukani kununua soda, kwa kuwa kazi ile, alisema, inakausha koo. Mama alipotoka tu, Sukari akavuta waya kutoka jikoni kwa mama, kwenye chumba alichopanga uani hapo, akaupitisha chini ya mkeka mpaka nyuma ya gari, akatambaa uvunguni na kuupenyeza hadi chini ya kitanda. Kasha akalifunga kabatini kwa skrubu nane, maana uongo nao unahitaji kushikiliwa.

Mama aliporudi, kiyoyozi kilikuwa kinapuliza, friji inatetema, birika linachemka.

"Jamani mwanangu!" Mama akashika shavu. "Yote hayo kutoka kwenye kijisanduku kile?"

"Teknolojia, mama. Ila sharti lake moja." Sukari akashusha sauti. "Gari lisitikisike kwa siku chache. Lisisogezwe, injini isiwashwe kabisa. Inveta changa ni kama mtoto mchanga, ukiitikisa haijakaza shingo, umeiua."

"Kwa hilo usiwe na wasiwasi," mama akasema. "Injini haitawashwa, nakuapia."

Moyo wa Sukari ukacheza. Wateja wengine huwa na maswali mpaka yanachosha. Huyu alikuwa zawadi. Mpango ulikuwa arudi baada ya siku hizo, achukue malipo yake, apotee kabla gari halijasogea likaukata ule waya.

Aliporudi akamkuta mama ameinamisha uso, godoro lake limekunjwa mlangoni.

"Mwanangu, fedha sina. Na shemeji yangu anakuja kesho kulichukua gari, eti ni la kaka yake. Kulichukua bure! Afadhali alipate mtu aliyenihurumia." Akaiangalia pikapu. "Nipe hicho kigari chako kinifikishe na godoro langu kwa dada yangu, wewe baki na hili."

Sukari akageuka ukutani ili asionekane meno. Gari-nyumba zima kwa pikapu! Ni kweli roho ilimuuma alipoishika funguo ya pikapu; aliwahi kulala ndani yake, aliwahi kulia ndani yake. Lakini tamaa ikamsukuma mgongoni.

"Mama, mimi nakubali kwa ajili yako tu," akasema kwa huzuni kubwa.

Wakabadilishana funguo na kadi za magari. Mama akapakia godoro, akarudisha pikapu nyuma kwa mkono mmoja bila kugusa ukuta, akapiga honi, akaenda.

Sukari akauchomoa waya wake, akakaa kwenye usukani, akazungusha funguo. Kimya. Akazungusha tena. Akashuka, akafungua boneti.

Mle ndani palikuwa pamefagiliwa. Palikuwa na kapu la vitunguu, ndoo, na kandambili zilizoanikwa. Injini haikuwepo.

Alisimama akitazama vitunguu. Siku ile alitambaa uvunguni upande wa nyuma tu, akatoboa, akapima, akapiga skrubu. Na kwa kuwa ujanja wake mwenyewe ulitaka gari litulie, hakuwahi hata siku moja kumwambia mama aliwashe.

"Umeshachomoa waya?" Mzee mwenye nyumba, aliyempangisha mama, alikuwa amesimama mlangoni pa jiko. "Maana mama alinipigia simu siku ileile akasema kuna fundi kavuta waya jikoni, nisiukate mpaka leo. Umeme wenyewe ameulipia."

Sukari akaonyesha boneti kwa kidole. "Na... injini, mzee?"

"Alikuja fundi mmoja mwaka jana, mwenye maneno matamu, akaing'oa akaitengeneze. Hajarudi mpaka leo. Mama wa watu alilia hapa mpaka tukaogopa. Halafu akafuta machozi, akatoka akakaa pale kwenye ngazi, akasema atangoja fundi mwingine apite." Mzee akamwangalia kuanzia viatu mpaka kichwa. "Kwani wewe kazi yako nini, kijana?"

Sukari akatazama mahali alipokuwa ameegesha pikapu. Akafunga boneti taratibu, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Mimi abiria tu, mzee," akasema, akaanza kutembea kwa miguu.