Punda Aliyekula Bendera ya San Roque

Jumatatu, 31 Julai
Nimerudi shuleni! Miaka hamsini na saba na kichwa bado kinachemka. Wambea wanasema nimejiandikisha kwa sababu darasa la watu wazima ndilo chumba pekee chenye kiyoyozi Valdehigos nzima. Wivu.

Leo mwalimu Begoña katufundisha neno "era" la Kihispania chetu. Yaani nilikuwa, alikuwa, ilikuwa, yote kwa mkupuo mmoja. Unalitumia kusema mtu alikuwaje, saa ilikuwa ngapi, zamani mambo yalikuwaje. Hadithi huanza nalo. Hata watoto wakicheza hugawana vyeo kwalo: mimi nilikuwa polisi, wewe ulikuwa mwizi. Nikauliza kama ni lazima useme ilianza lini na ikaisha lini. Akasema hapana, neno hili halijali hayo. Mungu wangu! Neno limeshonwa kwa vipimo vyangu! Miaka yote hii pale baa wananisumbua na tarehe.

Halafu tangazo. Kila mmoja aandike ukurasa kuhusu mji ulivyokuwa. Atakayeshinda atausoma mwenyewe siku ya San Roque, mtakatifu wa mji wetu, kwenye roshani ya halmashauri, kufungua sikukuu. Casimiro, mume wa dada yangu Obdulia, naye mwanafunzi humu, ameshapanda roshani ile mara mbili. Mimi hata ngazi zake sizijui. Mwaka huu ni mimi, ama nihamie kwa mbuzi.

Alhamisi, 3 Agosti
Niliandika kurasa nne. Nilikuwa golikipa. Nilikuwa nikiwaangusha mafahali kwa mkono mmoja. Nilikuwa mzuri wa sura, mwanamke akipishana nami anajigonga ukutani. Mwalimu amerudisha zote na wino mwekundu: aliomba habari za mji, sio zangu. Casimiro akapaza sauti darasa zima lisikie: "Shemeji, kwa hayo yote uliyofanya, una miaka mia mbili na hamsini!"

Tatizo ni kwamba za mji sizikumbuki. Miaka yote nilikuwa baa, nikizungumza.

Jumanne, 8 Agosti
Mpango! Bibi Eufrasia, miaka themanini na minane, mtaa wa Kisimani. Jua likipungua ukali, mtaa ule wote hutoa viti mlangoni kupunga upepo. Mimi sijawahi kukaa nao. Pale ni mahali pa kusikiliza.

Nikabeba kiti changu na biskuti nilizozichota kwenye kopo la Obdulia. Nikamwomba bibi aniambie zamani ilikuwaje. Yule mama ni kisima! Akiwa na miaka tisa, asubuhi ya sikukuu, punda wa padri alikula bendera ya San Roque. Ikabidi maandamano ya mtakatifu yatoke na shuka la kitanda la mama yake, kiraka na vyote. Majirani wakawa wanaangaliana, wameuma midomo. Nikajua wananihusudu. Mmoja aliyekuwa akifuma akaniambia nisikilize vizuri, utamu uko mwishoni. Lakini mpira ulikuwa unaanza. Nikaondoka. Mwisho nitautunga mwenyewe, mimi ni fundi.

Ijumaa, 11 Agosti
NIMESHINDA! Nimemtoa bibi, nimejiweka mimi. Mtoto shujaa ni Fulgencio. Tarehe sikutaja, neno halitaki. Mwalimu, ambaye kaja kutoka Bilbao na huu ni mwezi wake wa pili tu hapa, alisoma huku machozi yakimlengalenga. Darasa zima limeinamia madaftari. Casimiro kanipa mkono, mabega yanamtikisika. Uchungu wa kushindwa, maskini. Kaniahidi atahakikisha mji mzima unakuja, hata wagonjwa.

Jumatano, 16 Agosti
Shati jeupe. Bendi. Meya jasho tupu. Uwanja umejaa mpaka kwenye chemchemi.

Nikaanza. Nilikuwa mtoto wa miaka tisa. Ilikuwa saa tano asubuhi. Padri alikuwa na punda, na punda huyo alikuwa...

"Mweupe!" uwanja ukajibu.

Nikashtuka. Nikaendelea. Jina lake lilikuwa...

"Capitana!" Mpaka vichanga, naapa.

Nikafika kwenye shuka. Wakapaza sauti kuwa kiraka kilikuwa cha bluu. Mimi hata rangi sikuwa nayo! Nikakimbilia mwisho wangu: nikamkamata punda kwa sikio, nikaiokoa bendera. Halafu sauti kutoka kwenye kiti kilichowekwa chini ya roshani: "Wee Fulge! Wakati huo babako alikuwa hajaota hata ndevu!"

Njiwa wote wa kanisa waliruka kwa kicheko kile. Kumbe bibi Eufrasia anaisimulia kila Agosti, miaka arobaini sasa. Mji mzima unaijua isipokuwa mimi na mwalimu.

Wanaume wanne wakampandisha bibi na kiti chake, Casimiro mbele. Akamalizia: punda alifuata maandamano, nyuzi za dhahabu zikining'inia mdomoni, na watu wa nyuma, wasioona vizuri, wakadhani ndiyo bendera yenyewe. Wakampigia magoti. Uwanja ulilia kwa kucheka kana kwamba ni mara ya kwanza.

Mimi nilimshikia maikrofoni. Dakika hamsini. Mkono ulikufa. Alipomaliza akanipapasa shavu, akaniambia kesho nije na kiti changu, na safari hii nikae mpaka mwisho.

Jumapili, 20 Agosti
Sikwenda mtaa wa Kisimani. Nilikwenda Torrelobos, mji wa jirani, kutafuta tikiti maji. Nikaingia baa yao. Nikawaeleza kwamba kule Valdehigos, San Roque ikifika, msomaji wa roshani nilikuwa mimi. Kila mwaka. Uwanja mzima ulikuwa ukiitikia maneno yangu, na njiwa wakiruka.

Hakuna aliyeuliza tarehe. Watu waungwana sana.

Sikukuu yao ni Septemba na hawana msomaji. Wameniomba, nimekubali. Sasa natafuta kisa kidogo tu cha hapa kwao. Nimeambiwa kuna mzee Hilario, hutoa kiti chake mlangoni jioni. Biskuti ninazo. Nitakaa naye kidogo, sio sana. Saa tatu kuna mpira.