Kamanda Anataka Filta

Jumatatu, 14 Julai

Ukungu tangu alfajiri. Baridi ya kukata masikio. Lakini leo ni siku yangu! Shangazi Rahma ameniita mwenyewe. Huyu ndiye aliyemlea Mwanamwema, na posa yangu iko mikononi mwake tangu mshenga wangu, Mzee Sheshe, aipeleke. Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Nimekonda mpaka suruali inanidai mkanda.

Kumbe shida ni Kamanda. Kobe wake wa maji, aliyeletwa na marehemu mumewe kutoka Mnazi, kule chini kwenye joto. Anakaa sebuleni kwenye tangi la kioo. Maji yake mazito kama mlenda, yananuka hadi wageni wanaaga chai ikiwa bado ya moto. Shangazi anashuka Tanga harusini. Akasema amesikia mimi ni fundi wa kila kitu. (Nani kamwambia? Mimi.) Basi nimchagulie Kamanda filta. Akirudi Ijumaa anataka kumwona kobe wake kupitia kioo, mzima na msafi. Ndipo tutazungumza lile jambo letu. Akaongeza, wala hacheki, kwamba aliyeshindwa kutunza kobe hatapewa binti wa watu.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Wasiwasi wote akabaki nao Mwanamwema.

Jumanne, 15 Julai

Nimempigia simu muuza samaki wa mapambo Tanga mjini. Maneno mengi! Eti kobe anachafua maji kuliko samaki, kwa hiyo nichukue filta iliyotengenezwa kwa tangi kubwa mara mbili ya hili. Eti ile ya kukaa nje, yenye mkebe wake, ndiyo nzuri, ila maji yasirudi kwa nguvu, kobe atachoka kuogelea. Eti sponji lake lisioshwe kwa maji ya bomba, maana humo wanaishi vijidudu vizuri vinavyokula uchafu. Vijidudu vizuri! Hapo nikajua natapeliwa. Nikakata simu.

Jafari alikuwa amesimama pembeni, masikio nje. Anauza pembejeo pale sokoni, na siku hizi anapita sana mbele ya nyumba ya Shangazi ingawa hana shamba upande ule. Akasema muuzaji yuko sahihi, niagize leo ije na basi la kesho. Yaani Jafari anishauri mimi? Sasa ndiyo siagizi ng'o.

Nimeazima pampu ya kumwagilia karoti kutoka Lukozi. Inavuta maji ya bonde zima, itashindwa na tangi la sebuleni?

Jumatano, 16 Julai

Balaa! Pampu imewaka kwa mvuto wa kwanza. Moshi wa petroli nyumba nzima. Kamanda alizunguka kama nguo inayosuuzwa, kisha akanasa tumbo kwenye mdomo wa bomba, miguu yote minne ikipunga. Maji nusu yalikwenda kwenye makochi, nusu kwenye picha ya marehemu. Mwanamwema ndiye aliyezima. Mimi nilikuwa juu ya kiti.

Akaniomba, kwa upole wa kutisha, niagize ile ya Tanga, muda bado upo. Nikamwambia nina kitu bora zaidi. Mfereji! Unapita nyuma ya jiko, maji ya msituni, safi, hayakatiki. Yaingie kwa mpira huku, yatokee dirishani kule. Nani aliwahi kuuwekea mto filta?

Ni kweli, maji ya mfereji ni ya zamu, na kila mwenye bustani huko chini ana siku yake. Lakini kobe mmoja atatumia kiasi gani? Shida ikawa maji hayapandi kwenye mpira. Nikaziba mfereji kwa magunia ya mchanga. Yakapanda vizuri sana. Mwanamwema akauliza leo ni zamu ya nani. Nikamwambia ya Kamanda.

Alhamisi, 17 Julai

Nimefika asubuhi. Maji meupe, unaweza kusomea gazeti! Kamanda anaonekana vizuri kila upande. Hatikisiki. Shingo imelegea, miguu inaning'inia. Nimemgusa, baridi ya jiwe. Nikamwita kwa cheo chake. Kimya. Moyo ukanishuka hadi kwenye ndala.

Nikasikia hatua uani. Mzee Sheshe, jembe begani, anapanda akifuata mfereji mkavu. Zamu ilikuwa yake! Jana amehamishia miche ya kabichi shambani, leo yote imelala. Akayatazama magunia. Akautazama mpira. Nikampa shikamoo.

Hakuitikia.

Nikampa tena, kwa sauti zaidi. Hakuitikia. Katika maisha yangu yote sijanyimwa marahaba. Mzee akikasirika huacha Kiswahili, kwa hiyo nilipigwa Kishambaa kitupu mpaka majirani wakatoka. Mwisho akarudi kwenye Kiswahili, pole pole, nisije kusema sikuelewa. Yeye hawezi kumsemea mwizi wa maji kwenye nyumba ya mtu. Posa yangu nitafute wa kuibeba. Akatupa magunia pembeni kwa mikono yake, akaondoka.

Nilitaka kulia. Nililia. Namtaka Mwanamwema kweli, si kwa mchezo, na kobe kafa, na mshenga kaniacha, na Shangazi anarudi kesho!

Nani akatokea? Jafari, anapita tu. Akasema Kamanda hajafa, amepigwa na baridi, mtoto wa Mnazi utamtiaje maji ya mlimani mwezi wa saba? Mwanamwema akamweka kwenye karai la maji ya vuguvugu karibu na jiko, akiongeza kidogo kidogo. Jafari akaenda dukani akarudi na boksi. Alikuwa ameshaagiza ile filta ya mkebe tangu Jumanne, eti kwa tahadhari. Wakaifunga wawili wao, wakizungumza chini chini. Mimi nilishika waya.

Jioni Kamanda akafungua jicho moja. Kati ya watu wote waliokuwepo, akanitazama mimi.

Ijumaa, 18 Julai

Shangazi amerudi. Filta inanguruma taratibu, maji safi, Kamanda anakula dagaa. Akauliza nani aliyechagua. Nilifungua mdomo, Mwanamwema akawahi kumtaja Jafari. Isitoshe, Mzee Sheshe alimpokea Shangazi stendi, na hakubakiza kitu.

Shangazi hakufoka. Afadhali angefoka! Akasema posa isiyo na mshenga hawezi kuijibu, na yeye ni mtu wa taratibu. Nilete msemaji Jumapili, atamsikiliza. Nimezunguka kila mlango. Wote wanalima kwa mfereji ule ule.

Jumapili, 20 Julai

Kichwa changu hiki kiwekewe bima! Jana nimepata mshenga: Jafari! Shangazi anamheshimu. Mwanamwema anamsikiliza. Tena, na hapa ndipo penye ufundi, mtu akishatumwa na mwenzake hawezi kujiposea, ni aibu. Nimepata msemaji na nimemfunga mikono!

Aliniuliza kama nina hakika. Mara tatu. Akasema ataufikisha ujumbe wangu neno kwa neno, ila Shangazi akiukataa nisije nikamlaumu yeye kwa lolote litakalofuata. Nikaapa sitamlaumu. Tukapeana mikono mbele ya Mzee Sheshe, ambaye kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi alicheka.

Leo asubuhi kaingia kwa Shangazi, kanzu na koti. Baba yake mdogo na wazee wawili walibaki kwenye benchi nje, na kapu limefunikwa kitambaa. Mimi sikuwaagiza, lakini ni heshima kubwa! Muda si muda Jafari akatoka, akanitafuta kwa macho pale barabarani, akatikisa kichwa. Bila shaka alimaanisha nivumilie. Kisha wale wazee wakaitwa ndani na kapu lao.

Vigelegele! Nimevisikia kwa masikio yangu! Nilikimbia moja kwa moja kwa fundi cherehani anipime kanzu ya harusi. Nikamwambia ashone na ya Jafari, lazima akae karibu yangu siku hiyo. Fundi akanitazama sana, akasema vipimo vya Jafari anavyo, alipita jana jioni. Mtu makini kweli yule.